Maswali ya Wasomaji: Daktari Amemaliza, Sasa Niende Shuleni na Nini?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Morogoro. Mwanangu wa pili ana miaka saba na anasoma darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali. Tangu akiwa darasa la awali nimekuwa nikiitwa shuleni kuambiwa kwamba ni mtukutu. Mwezi uliopita, baada ya safari nne za Dar es Salaam, daktari alitueleza kuwa ana usonji (hali inayoathiri mawasiliano na namna mtoto anavyopokea sauti na mambo yanayomzunguka) pamoja na ADHD (hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushika umakini), akatupa ripoti ya kurasa sita kwa Kiingereza na kuniagiza niipeleke shuleni. Niliipeleka. Mwalimu wa darasa, ambaye ana wanafunzi 86, alitazama ukurasa wa kwanza, akanirudishia, akasema kwa upole kwamba pale si mahali pake na kwamba nitafute shule ya watoto maalumu. Mwanangu anasoma vizuri kuliko dada yake aliyeko darasa la nne, lakini hawezi kutulia kwenye dawati, huziba masikio wenzake wanapoitikia kwa pamoja, na kunakili ubaoni kunamshinda kabisa. Mara mbili amerudi nyumbani na alama za fimbo kwa kutomaliza kuandika. Bibi yake wa upande wa baba anasema tumemdekeza. Naomba kuuliza: je, shule inaweza kumkataa? Nimhamishe? Na akibaki, niombe kitu gani hasa, maana hata mimi sijui huo msaada unafananaje.

Mama wa watoto watatu, Morogoro

Jibu

Marahaba, mama. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mzazi asiyejua aombe nini hujibiwa na kila ofisi kwamba hakuna kinachowezekana, na aliyemjibu hivyo wala haoni kwamba amekosea.

Ripoti ya daktari ni lazima uwe nayo, lakini iliandikwa na tabibu ili isomwe na matabibu wenzake. Mwalimu wa darasa la pili anayefundisha kwa Kiswahili kutwa nzima, akisahihisha madaftari 86 kila jioni, hawezi kupitia kurasa sita za Kiingereza kisha agundue mwenyewe kwamba mwanao anapaswa kuondolewa kwenye dawati lililo karibu na dirisha. Daraja hilo kati ya hospitali na ubao halina mtu aliyeajiriwa kulijenga, kwa hiyo kazi hiyo imekuangukia wewe. Rudi shuleni na karatasi moja, ya upande mmoja, kwa Kiswahili, iliyoandikwa mambo ambayo mwanao huyafanya darasani, sababu za kuyafanya, na kitu kinachoombwa kibadilishwe. Ripoti halisi ibaki kabatini kwako, na nakala yake iingie kwenye faili la mwanafunzi ofisini kwa mwalimu mkuu. Ukiweza kuzungumza tena na daktari, mwombe akusaidie kuandika karatasi hiyo. Dakika kumi zake zitakufaa kuliko safari ya tano ya Dar es Salaam.

Usishangae kupewa majina mawili kwa pamoja. Hadi mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, unaotumiwa katika nchi nyingi, haukuruhusu mtoto mmoja kuandikiwa usonji na ADHD, na ndiyo sababu walimu wa umri wangu tulifundishwa kuzitenganisha. Leo inafahamika kwamba hali hizi huambatana mara nyingi. Usonji una jina lililokwisha kuzoeleka katika Kiswahili. ADHD bado haijapata jina moja tulilokubaliana, na nadhani watoto wengi wameumia kwa upungufu huo, kwa kuwa pasipo jina la hali hiyo jirani huchukua lililo karibu, yaani utukutu.

Sasa tuyachukue mambo matatu uliyoyataja, maana ndiyo yatakayojaza karatasi yako.

Kuziba masikio. Watoto wengi wenye usonji hupokea sauti kwa namna tofauti na sisi. Kelele ambayo masikio yetu huizoea baada ya dakika moja, wao huendelea kuisikia kama ilivyoanza. Chumba chenye watoto 86 wanaoimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja chini ya paa la bati kinaweza kumfanya mtoto wa namna hiyo asisikie tena chochote anachofundishwa. Kuziba masikio ndiyo njia aliyoivumbua mwenyewe ya kubaki darasani, na akikatazwa atatafuta njia ya kutoka. Omba aruhusiwe kuziba bila kuulizwa, na omba akae mbele, pembeni mwa ukuta, ili kelele isimjie kutoka kila upande. Mahali pengine mwalimu na mtoto hukubaliana alama ya mkono inayomaanisha kwamba anahitaji dakika tano nje, chini ya mti unaoonekana kutoka mlangoni. Uliza kama hilo linawezekana, lakini liwe ombi la baadaye, si la siku ya kwanza.

Kutotulia. Mtoto mwenye ADHD akilazimishwa kutotikisika, nguvu zake zote huishia katika kutotikisika, na somo humpita. Akiruhusiwa kusimama kwenye dawati lake, au akipewa kazi ya kugawa madaftari, kufuta ubao na kuleta chaki kutoka ofisini, mwili hupata unachokitaka na masikio hubaki kwa mwalimu. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyefuta ubao mara sita kwa siku, hata ulipokuwa safi, na mwaka ule hakutoroka darasani hata mara moja.

Kunakili ubaoni. Hapa naomba usome polepole, kwa kuwa ndipo fimbo zilipotokea. Kunakili ni kazi nne zilizofungwa pamoja: kuinua macho na kuupata mstari, kuyashika maneno kichwani, kurudisha macho kwenye daftari pasipo kuyapoteza, kisha kuuongoza mkono uandike. Mtoto ambaye umakini wake hukatika anapoteza maneno njiani, na wengi wao pia wana mikono isiyotii haraka. Kwa hiyo yule anayemaliza mistari mitatu wenzake wakimaliza kumi huenda amefanya kazi kubwa kuwashinda. Omba anakili nusu, au maswali yawe yameandikwa tayari kwenye daftari lake, na mengine ayajibu kwa mdomo. Mtoto anayesoma kuliko dada yake wa darasa la nne asipimwe elimu yake kwa kasi ya kidole. Kwa upande wa mkono wenyewe, ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa kama wanaye mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kuandika. Wataalamu hawa hufundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi na bado ni wachache, lakini hata akikuonyesha mara moja tu mazoezi ya vidole na namna ya kushika penseli, utaweza kuyaendeleza nyumbani.

Usiombe mambo kumi. Omba matatu, kwa majaribio, kwa muda unaotajwa, kwa maana mwalimu aliyeelemewa huogopa ahadi isiyo na mwisho. Barua yenyewe inaweza kuwa hivi, na heshimu taratibu za ofisi hata kama zinakuchosha:

Kwa Mwalimu Mkuu, kupitia kwa Mwalimu wa Darasa la Pili. Yah: Ombi la marekebisho ya ufundishaji kwa mwanafunzi (jina kamili). Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanangu amepimwa na kubainika kuwa na usonji na ADHD, kama nakala ya ripoti iliyoambatishwa inavyoonyesha. Ninaomba kwa majaribio ya wiki tatu kuanzia tarehe (taja) akae dawati la mbele pembeni mwa ukuta, mbali na mlango na dirisha. Aruhusiwe kusimama na apewe kazi ndogo ya kutembea kila baada ya kipindi. Na apunguziwe nusu ya kazi ya kunakili ubaoni, huku akijibu sehemu iliyobaki kwa mdomo. Ninaomba pia asiadhibiwe kwa kutomaliza kuandika. Nitafika shuleni tarehe (taja) ili tuangalie kwa pamoja kilichosaidia na kisichosaidia.

Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Kabla ya kuipeleka kwa mwalimu mkuu, mwonyeshe mwalimu wa darasa ana kwa ana, umuulize yeye angependa kubadilisha nini. Nakuomba usiiruke hatua hii hata kama bado una donge moyoni. Mwalimu yule alisema neno baya kwa upole, nami nimewahi kulisema neno hilo hilo nikiwa kijana wa ajira mpya, kwa sababu nilikuwa nimeogopa na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimeogopa.

Kuhusu kukataliwa, mwalimu wa darasa hana mamlaka ya kumwondoa mwanafunzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kuandikishwa na kufundishwa katika shule za kawaida pamoja na wenzake, ziwe za serikali au za binafsi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Serikali yenyewe imekuwa na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, ambao awamu yake ya 2021/22 hadi 2025/26 imeandikwa kwa ajili ya watoto kama wako. Zifahamu sheria hizi, lakini usiingie ofisini ukizitanguliza. Mwalimu aliyetishiwa kwa vifungu atatekeleza vifungu na kuishia hapo. Ikiwa mwalimu mkuu atakaa kimya kwa wiki mbili, peleka nakala yako yenye muhuri kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu Maalumu katika idara ya elimu ya halmashauri. Huyu wa pili ndiye wazazi wengi hawamjui, ilhali ndiye anayefahamu ni shule zipi za halmashauri yenu zina walimu waliosomea elimu maalumu, kwa mfano waliotoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, na anaweza kumwomba mmoja wao afike kumsaidia mwalimu wa mwanao.

Suala la fimbo sitalipamba. Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 zinasema kwamba anayeweza kuitoa adhabu hiyo ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba tukio liandikwe katika daftari maalumu. Na kwamba uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mwanafunzi vizingatiwe. Naomba uliangalie neno hilo afya. Tangu siku ripoti ya daktari ilipoingia kwenye faili, shule haiwezi kusema kwamba haikujua afya ya mtoto huyu, na kutomaliza kunakili kumegeuka kutoka kosa na kuwa dalili. Mimi binafsi sioni mtoto yeyote wa miaka saba anayefundishwa kuandika kwa fimbo, lakini hata anayeamini fimbo hana njia ya kuihalalisha hapa. Liulize jambo hili kwa mwalimu mkuu peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na uliza kwa adabu kama tukio liliandikwa kwenye daftari. Likitokea tena, mpige mtoto picha siku hiyo hiyo, mpeleke kituo cha afya, na umwone Afisa Ustawi wa Jamii.

Je, umhamishe? Kwa uliyoyaeleza, hapana, si sasa. Watoto wenye usonji wanatofautiana mno. Yupo asiyezungumza, anayehitaji kusaidiwa chooni au anayetoka mbio kuelekea barabarani, na kwake kitengo chenye watoto wachache na mwalimu aliyesomea kinaweza kuwa salama zaidi. Vitengo hivyo vimo ndani ya baadhi ya shule za kawaida, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam. Mwanao anasoma, anazungumza, na kilichomkwamisha ni dawati, kelele na ubao, vitu ambavyo vinaweza kuhamishwa kabla hajahamishwa yeye. Jaribu muhula mmoja mzima. Kama mambo yote matatu yamefanyika kweli kweli na bado analia kila asubuhi, niandikie tena, nami sitaona aibu kubadili ushauri wangu.

Huko mbele kuna mitihani, na hili ulikumbuke mapema. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mahitaji ya mtahiniwa hutajwa na shule wakati wa usajili, hivyo mzazi anayekumbuka wiki ya mtihani amechelewa. Faili unalolifungua leo litamfaa wakati huo.

Kuhusu bibi yake, usibishane naye kwa maneno ya hospitali. Mpe mjukuu wake kwa siku moja sokoni au kwenye sherehe yenye spika kubwa, kisha mkae mzungumze. Na kama mna mpango wa kumwongezea tuisheni ya jioni ili afidie asichokiandika mchana, uahirisheni, kwa sababu mtoto aliyejizuia tangu saa mbili asubuhi anahitaji jioni yake.

Swali

Mwalimu mwenzangu, nafundisha darasa la kwanza mkoani Tabora, na darasa langu lina wanafunzi 104. Mzazi mmoja ameniletea karatasi ya hospitali inayosema mwanawe ana usonji. Namhurumia, lakini nikimshughulikia mmoja, nitawaacha 103. Nifanyeje?

Mwalimu wa darasa la kwanza, Tabora

Jibu

Mwalimu, nimewahi kusimama mahali unaposimama, na sitakwambia kwamba 104 ni sawa na 30. Lakini mambo mengi yanayomfaa mtoto huyu hayahitaji uwaache wengine. Ukichora ubaoni kila asubuhi ratiba ya siku kwa picha ndogo, yaani kitabu, uji, mpira, nyumba, yeye atajua kinachofuata, na wale thelathini wengine wanaoulizauliza lini ni mapumziko watajua pia. Ukianza na jina ndipo utoe agizo, tena agizo moja tu, atakusikia. “Toeni madaftari, andikeni tarehe, pigeni mstari” ni maagizo matatu, na kwake la kwanza tu ndilo lililofika.

Jambo la pili litakugharimu daftari moja. Kwa wiki moja, kila anapolia au kukimbia, andika saa, kilichotangulia na kilichofuata. Siku ya Ijumaa tazama ile safu ya katikati. Mara nyingi kilichotangulia ni kile kile: kengele ya ghafla, kusukumana mstarini, au kipindi kilichobadilishwa bila taarifa. Ukishakijua, mwonye dakika mbili kabla, au mtume mahali kabla kengele haijagongwa. Mwite pia mzazi umuulize swali moja, ni kitu gani humtuliza nyumbani, kwa kuwa mzazi huyo amefanya utafiti wa miaka sita na hajawahi kuombwa matokeo yake. Kisha lipeleke daftari hilo kwa mwalimu mkuu ukaombe msaada wa halmashauri. Ombi lenye tarehe na saa ni gumu kulikataa kuliko malalamiko ya mdomo.

Swali

Assalaam aleikum. Binti yangu ana miaka tisa, tunaishi Unguja. Amebainika kuwa na usonji, lakini skuli wanasema ni mtoto mtulivu, hana tatizo, wala hahitaji chochote. Nyumbani, akirudi tu, hulia kwa saa nzima. Nani mkweli?

Baba wa binti, Unguja

Jibu

Waaleikum salaam, baba. Wote ni wakweli. Wasichana wengi wenye usonji huchelewa kutambuliwa kwa sababu hujifunza kuwaiga wenzao: hucheka wengine wanapocheka, hunyamaza pale wasipoelewa, na huhifadhi uchovu wote mpaka wafike kwa watu wanaowaamini. Kilio cha saa nzima ni bei ya utulivu wa asubuhi, na skuli haiwezi kukiona kwa kuwa hakitokei mbele yao. Kwa wiki mbili andika saa ya kurudi, muda wa kulia, na alichokuwa nacho skuli siku hiyo, hasa kazi za vikundi, mapumziko na mwalimu mgeni. Ombi lako la kwanza liwe dogo: mwenzake mmoja wa kudumu wa kukaa naye, na ruhusa ya kupumzika mahali pa kimya wakati wa mapumziko. Kwa kuwa Zanzibar ina wizara yake ya elimu, ngazi nilizomtajia mama wa Morogoro si zako. Baada ya mwalimu mkuu, muulizie Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha katika Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na uende na yale maandishi ya wiki mbili.